'Aina ya samaki': maneno matatu yanayoweza kukugharimu mguu

Nilizaliwa na kukulia karibu na Kegonga, huku Kuria Mashariki, mahali ambapo mtu akisema "maji mengi" anamaanisha mto uliofurika. Samaki tuliomjua utotoni alitufikia siku ya soko, tena akiwa mkavu. Akina mama walimleta kutoka upande wa ziwa, Muhuru na Karungu: omena wa kupimwa kwa gorogoro, vipande vya kamongo, na mara moja moja ngege. Bahari tuliijua kwa jina tu.

Katika darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni majina ya samaki wa pwani: papa, nguru, taa, tasi, changu. Mmoja wetu akauliza tasi ni samaki gani. Mwalimu akafungua kamusi, akasoma kimoyomoyo, akaifunga. "Ni aina ya samaki," akasema. "Andikeni." Tukaandika.

Nimefundisha Kiswahili chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 30 na bado nayakuta maneno hayo matatu kila ninapofungua kamusi kutafuta kiumbe wa baharini. Aina ya samaki. Aina ya ndege. Aina ya mti. Msomaji mpendwa, makala ya juma hili yanauliza swali dogo: aina gani? Na nitaeleza kwa nini swali hilo si la ubishi wa wasomi.

Kisa cha Gazi

Mwaka 1984 nikiwa mwanafunzi wa chuo, tulizuru Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Nilikuwa na mwenzangu kutoka kwetu Kegonga ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaiona bahari. Maji yalikuwa yamekupwa na mwamba umejitokeza. Tukavua viatu tukaingia, tukiokota makombe na kucheka kama watoto. Ghafla mwenzangu akapiga ukelele ambao sijausahau hadi leo. "Okoko!" akalia. "Nimechomwa na okoko!"

Sasa, okoko ni jina la Kijaluo la samaki wa ziwani, kambare mdogo mwenye mwiba mgongoni na miiba miwili kando ya matamvua. Upande wa Tanzania wa ziwa lilo hilo huitwa gogogo. Yeyote aliyewahi kumtoa wavuni anajua uchungu wake. Mwenzangu alikuwa amesoma Migori na kuzoea magati ya ziwa. Miguu yake ilipopatwa na maumivu ya mwiba wa samaki, ulimi wake ulilitafuta jina la samaki wa miiba aliyemjua. Hakukosea kufikiri, alikosa jina.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu ufuoni akaja mbio. Nasi tukamwambia: okoko. Akatutazama. "Okoko ndiye nani?" Hatukuwa na jibu. Basi akaacha kuuliza jina, akauliza mambo mengine.

"Mwanangu, ulikanyaga wapi? Mchangani ama mwambani?"

"Mwambani, mzee."

"Uliona kitu kikikimbia?"

"Sikuona kitu. Lilikuwa jiwe tu."

Mzee akauinua mguu, akautazama wayo. Palikuwa na matundu mawili madogo, pembeni pakianza kugeuka rangi, na mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba. "Kama ni taa pangechanika," akasema, "na taa hujifukia mchangani. Ngogo naye humdunga zaidi anayemtoa wavuni. Na wale wa miiba myeusi kama nungunungu, miiba yao hukatikia ndani, ungeiona. Huyu ni yule anayejifanya jiwe."

Akaagiza maji ya moto. Akatia kwanza mkono wake mwenyewe, akatuambia kwamba mwenye maumivu hawezi kupima joto la maji, atajiunguza bila kujua. Apimaye ni mtu mzima. Mguu ukawekwa ndani ya beseni, maji yakipoa yanaongezwa mengine. Baada ya kama nusu saa mwenzangu aliacha kulia. Ndipo tukampeleka zahanati. Huko waliandika katika daftari maneno manne: "Amechomwa na samaki mguuni."

Simlaumu aliyeandika. Angeandika nini? Sisi wenyewe tulimletea jina la samaki wa ziwani. Na hata lile jina ambalo mzee alilitaja silichapi hapa, kwa sababu miaka kadhaa baadaye nililisikia tena kusini zaidi, Vanga, likitajwa kwa samaki mwingine kabisa. Nikilitoa gazetini kama ndilo jina lake, nitakuwa nimelifanya kosa lile lile ninalolilalamikia. Kwa leo nitumie jina linaloeleweka kwa wengi, samaki-jiwe.

Samaki mwenyewe

Wanasayansi humwita Synanceia verrucosa. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni "mwenye vinundu" au "mwenye chunjua". Jina hilo lilichapishwa mwaka 1801 katika kitabu kikubwa cha samaki kilichoanzwa na daktari wa Berlin, Marcus Elieser Bloch, na kumaliziwa na Johann Gottlob Schneider baada ya Bloch kufariki mwaka 1799. Huyu samaki yuko kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, na mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Si mkubwa: wengi ni wa urefu wa kiganja na kidogo zaidi, na mkubwa kabisa hufika kama sentimita 40. Hana magamba. Ngozi yake ni ya vinundu, mara nyingi imeota mwani. Mdomo wake umeelekea juu, kwa sababu hakimbizi chakula, hungoja kipite. Anaweza kukaa saa kadhaa nje ya maji, ndiyo maana hata mwamba uliokauka si salama kwa mguu mtupu.

Mgongoni ana miiba 13 kwa kawaida, na kila mwiba una tezi mbili za sumu. Hamdungi mtu kwa kutaka. Mguu ukimkanyaga, ngozi iliyofunika mwiba hurudi nyuma, tezi hubanwa, na sumu hupanda kwa mifereji ya mwiba hadi ndani ya jeraha. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo unavyojidunga mwenyewe. Sumu hiyo ni ya protini, na protini huharibika kwa joto. Hapo ndipo beseni la yule mzee linapopata maelezo yake. Leo madaktari hupendekeza maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 45, yasiyounguza, kwa dakika 30 hadi 90, kisha hospitali. Australia ilianza kutengeneza dawa maalumu ya kupambana na sumu ya samaki wa jamii hii mwaka 1959.

Si hadithi za kutishia watalii. J.L.B. Smith, bingwa wa samaki wa Afrika Kusini, alidungwa mwenyewe huko Pinda, kaskazini ya Msumbiji, akaandika habari za mateso yake katika jarida la Copeia mwaka 1951. Mwaka 1957 akaandika tena katika jarida hilo, safari hii juu ya watu wawili waliofariki upesi baada ya kudungwa.

Historia mbili zisizosalimiana

Sasa turudi kwenye lugha. Tukiitazama historia ya samaki wa bahari yetu katika maandishi, tunaona njia mbili zikienda sambamba bila kukutana.

Njia ya kwanza ni ya wanasayansi. Carl Linnaeus aliweka msingi wa majina ya wanyama mwaka 1758. Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, alitumwa Uarabuni na msafara wa mfalme wa Denmark ulioondoka Copenhagen mwaka 1761. Alifariki Yemen mwaka 1763 akiwa kijana. Mwenzake Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara aliyerejea hai, alichapisha maandishi yake mwaka 1775. Jambo linalonivutia kwa Forsskål ni hili: alipofika kwenye fuo za Bahari ya Shamu aliwasikiliza wavuvi. Majina yao ya Kiarabu aliyageuza majina ya sayansi. Siganus, jina la jamii ya tasi, limetoka kwa wavuvi hao. Yule changu ambaye sayansi inamwita Lethrinus harak, hilo harak ni neno lao. Sohal, bohar, abudefduf, yote ni maneno ya watu wa pwani ambayo leo yanatumiwa na kila mwanasayansi duniani.

Hata tasi wetu wa Afrika Mashariki anaitwa Siganus sutor. Sutor kwa Kilatini ni fundi viatu. Wavuvi wa Mauritius na Ushelisheli humwita kwa Kifaransa cordonnier, maana yake hiyo hiyo, na yeyote aliyechomwa na miiba yake anaelewa habari ya sindano ya kushonea ngozi. Na neno tilapia, tunalolidhani la Kizungu tunapoagiza chakula hotelini, kumbe limetoka kwa neno la Kitswana lenye maana ya samaki! Lilichukuliwa na Andrew Smith mwaka 1840.

Huku kwetu, mwaka 1866 kilichapishwa London kitabu cha samaki wa Zanzibar cha R.L. Playfair, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza kisiwani, pamoja na Albert Günther wa jumba la makumbusho la Uingereza. Samaki waliosafirishwa kwenda kuandikwa hawakujivua wenyewe. Kuna mtu aliyewatoa majini, na alikuwa na jina la kuwaita.

Njia ya pili ni ya wanakamusi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ikafuata mwaka 1981. Hawa walikusanya majina ya samaki kwa wingi na tunawashukuru. Lakini mara nyingi waliliandika jina wakamwacha samaki majini. "A kind of fish," yakasema matoleo ya Kiingereza. "Aina ya samaki," tukatafsiri, tukarithi. Mimea ilipata bahati zaidi. Padre Charles Sacleux, mwenye kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, hivyo mti wake una uwezekano wa kuwa na jina la sayansi ubavuni.

Basi wanasayansi walikuwa na samaki bila Kiswahili, wanakamusi wakawa na Kiswahili bila samaki. Mvuvi, aliyekuwa na vyote viwili, hakuulizwa na yeyote avikutanishe.

Mara moja vilikutanishwa, na dunia nzima ikasikia. Mwaka 1938 Afrika Kusini alipatikana samaki wa jamii iliyodhaniwa kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Smith yule yule alimtambua, akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alifanya nini? Alichapisha karatasi yenye picha ya samaki huyo na zawadi ya pauni 100, ikasambazwa pwani yetu hii hadi visiwani. Desemba 1952 mvuvi wa Anjouan, Komoro, alimvua mmoja, na mwalimu wa shule aliyekuwa ameiona ile karatasi akamfahamisha kwamba huyo ndiye anayetafutwa. Kumbe Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombesa. Hakuwa amepotea, jina na picha tu ndivyo vilivyokuwa havijawekwa kwenye karatasi moja.

Sumu ipi?

Kuna tatizo jingine, nalo limo ndani ya neno letu wenyewe: sumu. Tunasema samaki-jiwe ana sumu. Tunasema pia bunju ana sumu. Ni kweli mara zote mbili, lakini si ukweli mmoja. Bunju ukimshika hakudhuru kwa sumu. Ukimla asipoandaliwa na mjuzi, anaweza kukuua. James Cook na wenzake wawili nusura wafe mwaka 1774 huko New Caledonia kwa kuonja tu maini na mayai ya samaki wa jamii hiyo. Sumu ya bunju haivunjwi na moto wa jikoni. Samaki-jiwe ni kinyume chake: ukimkanyaga anakuumiza vibaya, lakini Japani wanamla, na joto huivunja sumu yake. Tasi naye tunamfurahia kwa ubwabwa, ilhali miiba yake ina sumu.

Sasa mpe mtoto kamusi inayosema "samaki mwenye sumu". Afanye nini? Asimle au asimguse? Apike zaidi au atupe? Wavuvi hawapati taabu hiyo kwa kuwa wao husema kwa vitenzi: huyu hudunga, yule haliwi. Napendekeza tuwafuate. Tuseme sumu ya kudunga na sumu ya kuliwa. Maneno yapo, hayahitaji kamati.

Najua kuna watakaoniambia: Profesa, kamusi si daktari, wala si kitabu cha bayolojia, kurasa zina mwisho. Nakubali kurasa zina mwisho. Lakini hebu tazama maelezo haya:

Samaki-jiwe: samaki wa baharini, mfupi na mnene, asiye na magamba, mwenye ngozi ya vinundu inayofanana na jiwe lililoota mwani, hukaa chini, kwenye miamba na madimbwi ya maji kupwa, ana miiba ya sumu ya kudunga mgongoni, Synanceia verrucosa.

Hiyo ni mistari michache tu. Imejibu yale aliyouliza mzee wa Gazi: anakaa wapi, anaonekanaje, anaumizaje. Na lile jina la Kilatini mwishoni si madoido. Ndilo linalomwezesha muuguzi wa Kwale kusoma yaliyoandikwa Australia, na linalotuokoa jina la Gazi linapogongana na la Vanga. Kwa tasi tungeongeza kwamba Mombasa utasikia tafi, Zanzibar tasi, na pengine chafi, ili Mswahili wa mwambao mmoja asimcheke wa mwambao mwingine. Shirika la FAO limeshachapisha miongozo ya kutambua samaki wa bahari ya Tanzania mwaka 1985 na ya Kenya mwaka 2012. Imeandikwa kwa Kiingereza. Sehemu kubwa ya kazi ngumu imekwisha kufanywa. Iliyobaki ni yetu, watu wa lugha, kwenda gatini tukiwa na picha na kalamu.

Ngege yupi?

Nimalizie nyumbani, maana nisije nikaonekana nimewahurumia watu wa pwani nikawasahau wa Migori na Homa Bay. Ngege aliyeletwa soko la Kegonga nikiwa mdogo alikuwa samaki wa asili wa ziwa letu. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyempa jina la sayansi, ambalo leo ni Oreochromis esculentus. Esculentus ni "mwenye kuliwa", na wazee wetu wangekubaliana naye. Katika miaka ya 1950 wakaingizwa ziwani samaki wa kigeni, akiwemo sato wa Mto Nile, na baadaye mbuta akatamalaki. Ngege wa asili akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Amebakia katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli kule Siaya.

Lakini jina halikutoweka. Nenda soko lolote leo, utauziwa ngege, nawe utalipa na kushukuru. Mara nyingi ni yule mgeni wa Nile aliyerithi jina la mwenyeji. Mjukuu wangu akifungua kamusi na kukuta "ngege: aina ya samaki", hatajua kwamba babu yake alikula samaki mwingine. Samaki amekufa, jina limevaliwa na mwingine, na kamusi haina ushahidi wowote.

Mwenzangu wa Gazi alipona. Alirudi kufundisha huku kwetu hadi alipostaafu, na wayo wake una alama mbili ndogo ambazo hupenda kuwaonyesha watoto. Mwaka jana nilimkuta nyumbani kwake akimsaidia mjukuu kazi ya Kiswahili ya shule. Mtoto alisoma swali: taa ni nini? Akajibu haraka, jinsi alivyofunzwa, "Ni aina ya samaki." Babu yake akamtoa kalamu mkononi, akageuza daftari upande mweupe, akaanza kumchorea.